Kina na Maana: Fundisho la Vina vya Kiingereza kwa Ushairi Wetu

Katika shule zetu za sekondari neno "kina" hufasiriwa kwa wepesi mno. Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa maana yake hutaja neno la Kiingereza "rhyme", na mwalimu wa Kiingereza akiulizwa maana ya "rhyme" hujibu "kina". Kisha wote wawili hupita, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba hilo ni jambo moja lenye majina mawili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Hayo ni mambo mawili yaliyo ndugu, lakini kila moja limelelewa katika nyumba yake, na asiyezijua nyumba zote mbili hawezi kumhukumu mtunzi kwa haki.

Nia yetu si kuitukuza lugha ya kigeni, wala si kuidunisha. Twaitaka ituwe kioo. Tukitazama jinsi Waingereza wanavyoyapata maneno yao yenye vina, na jinsi maana za maneno hayo zinavyofungamana, tutaiona wazi zaidi kazi ya kina katika ushairi wetu, na tutauona pia ugonjwa mmoja ambao umeudhoofisha ushairi huo kwa muda mrefu.

Tuanze na kina cha Kiingereza. Lugha hiyo huweka mkazo mahali mbalimbali: neno moja huwa na mkazo mwanzoni, jingine katikati, jingine mwishoni. Maneno mawili huhesabiwa kuwa yana kina pale ambapo sauti zake zinalingana kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. "Light" na "night", yaani nuru na usiku, ni jozi sahihi. "Nation" na "station", yaani taifa na kituo cha garimoshi, ni jozi sahihi pia, kwa kuwa mkazo umo katika irabu ya kwanza ya kila neno, na tangu hapo hadi mwisho sauti ni zile zile. Lakini "teacher" na "mother", yaani mwalimu na mama, si jozi, ijapokuwa maneno yote mawili huishia kwa sauti moja hafifu; maana irabu zake zenye mkazo zimeachana.

Macho nayo hayamsaidii msomaji. "Cough", "though" na "bough", yaani kikohozi, ingawa na tawi la mti, huandikwa kwa herufi nne za mwisho zilizo sawa, lakini hutamkwa kwa sauti tatu mbalimbali. "Love" na "move", yaani upendo na kusogea, hufanana katika karatasi na hutengana kinywani. Yapo maneno ya namna hiyo ambayo washairi wa kale waliyafanya jozi, kama "love" na "prove" katika soneti za Shakespeare, na wataalamu wa historia ya matamshi hueleza kwamba huenda zamani hizo yalitamkwa kwa kukaribiana zaidi kuliko leo. Hapa mwanafunzi wetu hujikwaa sana, kwa sababu amezoea lugha ambayo huandikwa kama inavyotamkwa.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kina cha Kiingereza ni adimu. Lugha hiyo ina sauti za irabu zipatazo 20, na maneno yake huishia kwa konsonanti za kila aina, mara nyingine mbili au tatu kwa pamoja. Kwa hiyo maneno yanayokutana barabara ni machache. Neno "month", yaani mwezi wa kalenda, halina mwenziwe miongoni mwa maneno ya kawaida. Neno "love" lina wenzi wachache tu: "dove" ambaye ni njiwa, "glove" ambayo ni glavu, "above" yaani juu, na "shove" yaani kusukuma. Njiwa ameruka katika mashairi ya mapenzi ya Kiingereza kwa karne nyingi, wala sababu si upole wake peke yake. Sababu nyingine ni kwamba mtunzi hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Uhaba huo una hasara na una faida. Hasara yake ni kwamba jozi huchakaa, na msikilizaji akisikia neno la kwanza hulibashiri la pili. Faida yake ni kwamba maneno mawili yakikutana mara nyingi, maana zake nazo huanza kuzungumza. "Breath" ni pumzi, na "death" ni mauti. "Womb" ni tumbo la uzazi, na "tomb" ni kaburi. Mwingereza asikiapo jozi hizi hasikii sauti tu. Husikia maisha ya mwanadamu tangu mwanzo hadi mwisho. Mshairi stadi hulijua jambo hilo, akaiweka jozi mahali ambapo sauti na maana zitapiga kwa pamoja.

Sasa tugeukie nyumbani. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache, na takriban kila silabi huishia kwa irabu, nazo irabu ni tano tu. Kina chetu, kwa kanuni waliyotuachia wazee na ambayo Kaluta Amri Abedi aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, hudai silabi ya mwisho ya kipande ilingane na mwenziwe. Silabi hiyo ndiyo isiyo na mkazo. Kwa hiyo "kazi", "ujuzi", "mlezi" na "chozi" zote zina kina kimoja, yaani "zi", ijapokuwa irabu zenye mkazo zimetofautiana. Mwingereza angesema maneno hayo hayana kina. Kwa sheria ya kwake angekuwa sahihi, na kwa sheria ya kwetu angekuwa amekosea kabisa.

Basi kina chetu ni tele. Utajiri huu ndio uliowawezesha wahenga wetu kufanya mambo ambayo Mwingereza angeyaona kuwa mzigo usiobebeka. Katika utenzi, vina vya mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hulingana, na mshororo wa nne hubeba kina cha bahari kinachoendelea tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi wake maarufu mwaka 1858, alipita beti zaidi ya 100 kwa mtindo huo. Katika shairi la mishororo minne na vipande viwili, mtunzi akiamua kufuata mtiririko kwa beti 10, atahitaji maneno yasiyopungua 30 ya kina cha kati na mengine 30 ya kina cha mwisho. Kiswahili humpa yote, na bado hubaki na akiba.

Hata hivyo, mali nyingi humfanya mtu kuwa mvivu, na hapo ndipo ugonjwa tuliotaja unapoingia. Mtunzi anayejua kwamba kina kitapatikana kwa vyovyote huacha kulichagua neno, akaichagua silabi. Akihitaji "ni", huandika nyumbani, shambani, mjini, kazini, safarini, na ubeti ukatimia kabla wazo halijafika. Akihitaji "wa", hukitia kila kitenzi katika hali ya kutendwa: akaambiwa, akaolewa, akapewa, akaachiwa. Vina hivyo ni vya sarufi, si vya fikira. Havilingani na "womb" na "tomb". Vinalingana na mwanafunzi wa Kiingereza anayeyafunga maneno mawili kwa sababu tu yote yana "ing" mwishoni. Na pale ambapo hata sarufi imemshinda, mtunzi hukimbilia tabdila, akabadili sauti ya neno ili likubali kina, kisha akadai kwamba ushairi umemruhusu. Ushairi humruhusu mtunzi ambaye wazo lake limekuwa kubwa kuliko kipande. Haumruhusu yule ambaye hana wazo.

Hatusemi kwamba kina cha silabi moja ni kina dhaifu. Tunasema kwamba, kwa kuwa hupatikana kwa wepesi, uzito wake hauna budi kutoka katika maana ya neno lenyewe. Tena Kiswahili kina vina vingine vyenye nguvu zaidi, vinavyoanza katika irabu yenye mkazo kama vile vya Kiingereza. Tazama "cheo" na "leo": sauti zimelingana tangu irabu ya mkazo, na maana zimekutana pia, kwani cheo ni cha leo na kesho ni cha mwingine. Tazama "dunia" na "njia", "mali" na "ajali", "sheria" na "hatia". Jozi kama hizi ni mithali zisizotungwa bado. Mtunzi anayeziona hupata nusu ya shairi kabla hajaushika wino.

Lipo pia fundi la ulinganifu wa neno lenyewe kwa lenyewe. "Kaa" ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, na ni amri ya kuketi. "Paa" ni mnyama wa mwituni, ni sehemu ya nyumba, na ni kuruka juu. Washairi wetu wameyachezea maneno ya aina hii kwa umahiri mkubwa, wakarudia sauti ile ile huku maana ikibadilika katika kila kipande. Katika Kiingereza mchezo huu hutumika zaidi kwa mzaha. Kwetu huweza kubeba jambo zito.

Inafaa sasa tuyatazame maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuhamia kwetu, maana hayo yanatufundisha jambo ambalo kanuni haziwezi kulifundisha. Katika Kiingereza, "bus", "nurse", "office" na "glass" hayana kina kimoja. Yalipovuka na kupata irabu za mwisho yamekuwa basi, nesi, ofisi na gilasi, na yote sasa yana kina cha "si". "Goal" na "petrol" hayakuwa jozi. Goli na petroli ni jozi. Kwa upande mwingine, "bank" na "tank" ni jozi timilifu ya Kiingereza, lakini benki na tangi zimeachana. "Shirt" na "skirt" zililingana tangu irabu ya mkazo hadi mwisho. Shati na sketi zimebakiwa na "ti" tu. Neno likihama huacha jamaa zake wa sauti na kupata jamaa wapya, kama vile mtu aliyeolewa mbali.

Wala si sauti peke yake inayopata jamaa wapya. Tuchukue neno moja ambalo sisi watu wa Maramba hatuwezi kulisahau. Katika Kiingereza neno "number", yaani namba, lina kina kimoja na "slumber", yaani usingizi, na "lumber", yaani mbao. Mshairi wa Uingereza akilitaja, masikio ya wasomaji wake yanakwenda kwenye usingizi. Neno hilo lilipofika katika mashamba ya mkonge ya Tanga lilibadilika sauti na likabadilika maana. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na miaka iliyofuata mashamba hayo yalikusanya vibarua kutoka sehemu za mbali. Kibarua aliandikwa kwa namba, na kwa ajili ya namba hiyo akaitwa manamba. Maramba iko chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, katika nchi ya Wadigo, Wabondei na Wasambaa, na neno hilo lilienea katika ukanda huu wote. Namba haikuwa tena hesabu, ilikuwa mtu.

Tazama basi neno hilo lilivyopata jamaa wapya katika Kiswahili: manamba, shamba, kamba, Maramba. Hayo si maneno yaliyookotwa. Shamba ndipo manamba alipofanya kazi, kamba ndiyo mazao ya jasho lake, na Maramba ni mojawapo ya majina ya nchi aliyoijia. Historia ya uchumi wa kikoloni imelala ndani ya kina kimoja, ikimngoja wa kuiamsha. Ili mwanafunzi aone tunalolisema, tumetunga ubeti huu kuwa mfano:

Walitoka mbali bara, wakashukia Maramba,
Si jina bali ishara, wakaitwa ni manamba,
Mkonge wa biashara, hata ukawa ni kamba,
Ya nani hiyo hasara, na la nani hilo shamba?

Tunamwomba msomaji ajaribu kuondoa neno "manamba" na kulitia neno jingine lenye "mba", kama vile pamba au mwamba. Kina kitabaki, lakini ubeti utakufa. Hicho ndicho kipimo chetu: kina kizuri ni kile ambacho neno lake halibadilishiki. Mashamba ya mkonge yaliyotaifishwa mwaka 1967 yalilijibu swali la mshororo wa mwisho kwa njia ya siasa. Ushairi nao una wajibu wa kuliuliza kwa njia yake.

Kipimo hicho hicho kinaweza kutumika katika kazi za wenzetu. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyotolewa mwaka 1969, kuna kijana Bassanio anayetakiwa achague kasha moja kati ya matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Akichagua vema atamwoa Portia, akikosea atamkosa. Portia amefungwa kiapo asimwambie. Wachumba waliomtangulia walichagua bila ya kuimbiwa, lakini Bassanio anapotafakari huimbwa wimbo, na mishororo mitatu ya kwanza ya wimbo huo huishia kwa maneno "bred", "head" na "nourished", ambalo la mwisho hutamkwa kwa namna ya kale ili lipate kina. Maana zake ni kuzaliwa, kichwa na kulishwa. Yote matatu yana kina kimoja na neno "lead", yaani risasi, ambalo wimbo haulitaji. Bassanio akachagua kasha la risasi. Wahakiki wengi wameuliza kama Portia hakumnong'oneza mchumba wake kwa njia ya vina.

Hapa kina si pambo. Kina ni siri ya hadithi. Mfasiri anayetafsiri maana za maneno hayo matatu na kuacha sauti zake atakuwa ameliacha kasha limefungwa. Je, Kiswahili kingeweza kulifungua? Tunaamini kingeweza, tena bila dhiki. Neno letu ni risasi, na lugha yetu ina wasiwasi, kiasi na nafasi, ambayo yote hulingana nalo tangu irabu ya mkazo, na ambayo yote yanamhusu kijana aliye mbele ya makasha matatu: ana wasiwasi, anahitaji kiasi, na nafasi yake ni moja. Tunalitoa hili kuwa zoezi kwa wanafunzi, na wala si kosoa kwa mfasiri, ambaye alithibitisha katika jina la kitabu kwamba aliijali maana: Mwingereza alisema mfanyabiashara mmoja, naye akasema mabepari, na kwa neno hilo moja akaiingiza tamthilia yote katika mjadala wa Tanzania ya siku zile.

Tunafika sasa kwenye mgogoro wa ushairi, ambao vijana wetu husomeshwa kama vita kati ya wazee na wasomi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, baadhi ya watetezi wa kanuni walilalamika kwamba mashairi yasiyo na vina ni kuiga Uzungu. Wapinzani wao nao walidai kwamba vina ni pingu. Kiingereza hakiwezi kuwa shahidi wa upande wowote kati ya hizo mbili. Ni kweli kwamba tamthilia za Shakespeare, kwa sehemu kubwa, zimeandikwa kwa mishororo yenye mizani isiyo na vina, na Milton aliutoa utenzi wake mkuu mwaka 1667 bila ya vina. Lakini ni kweli pia kwamba soneti za huyo huyo Shakespeare zimefungwa vina barabara, na kwamba mashairi ya Kiingereza yaliyotungwa kwa vina ni mengi mno. Aliye na vina si lazima awe Mswahili, na asiye navyo si lazima awe Mzungu.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, aliwaonyesha wote njia bora. Alikuwa karani wa serikali, aliyejisomea mengi kwa juhudi yake, na alitupatia Omar Khayyam kwa Kiswahili kwa kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald, ambayo katika kila ubeti wake mishororo ya kwanza, ya pili na ya nne ina kina kimoja na wa tatu umeachwa huru. Hakuona kwamba kusoma vina vya wengine kungemharibia vyake, wala hakuona kwamba kuvijua vyake kulimzuia kusoma vya wengine.

Kwa hiyo hatumtetei mtunzi mwenye vina kwa sababu ya vina, wala hatumlaumu asiye navyo kwa sababu ya kukosa. Twamlaumu mwenye vina visivyo na maana, kwani yeye ndiye anayewapa adui wa vina hoja yao. Kijana aliyechoshwa na mashairi ya nyumbani na shambani hakuchoshwa na urithi wa wazee. Amechoshwa na uvivu uliovaa kanzu ya urithi.

Lawama hiyo inatuhusu sisi walimu na wakuza utamaduni pia. Mwanafunzi huambiwa ataje vina vya kati na vya mwisho, naye hujibu "ra" na "mba", akapewa alama zake na kuketi. Ameisoma silabi na hakulisoma neno. Tungependa aulizwe maswali matatu zaidi. La kwanza: kina hiki kimebebwa na neno gani, nalo lina maana gani? La pili: je, neno hilo laweza kubadilishwa kwa jingine lenye silabi hiyo hiyo bila ya shairi kupungukiwa? La tatu: maneno yenye kina kimoja katika ubeti huu yanaambiana nini? Asomapo shairi la Kiingereza na aulizwe maswali hayo hayo, na aongezewe moja: mkazo umo wapi? Hapo atazijua lugha zote mbili kwa haki yake, na hataipima nguo ya mmoja kwa mwili wa mwingine.

Kiswahili chenyewe kimetupa fundisho hilo katika neno moja. Kina ni ulinganifu wa sauti, na kina ni urefu wa kwenda chini, kama kina cha bahari. Mvuvi wa pwani yetu hajui bahari kwa kuhesabu mawimbi yanayolingana. Huijua kwa kupima kina chake. Na wanafunzi wetu wafundishwe kuupima ushairi vivyo hivyo.